Nyuzi Nyembamba za Mjomba

Kwa miaka kumi na moja watu wameniita Mama Mbu, na mimi sina mtoto wala sijawahi kufuga mdudu. Jina lilitokana na vigitaa vyangu. Natengeneza magitaa madogo ya nyuzi nne, na kila kigitaa nilichokitoa mikononi mwangu kilikuwa kinavuma vibaya. Unapiga uzi, sauti inatoka, halafu nyuma yake kinakuja kile kizizi, zzz, kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Wapigaji walicheka. Walivichukua kwa sababu mbao zake zilipendeza machoni, wakaenda kuvitundika ukutani. Mimi nilicheka pamoja nao. Ningefanyaje? Ukilikasirikia jina la utani ndiyo umelipokea.

Kazi nilifundishwa na mjomba wangu, kaka yake mama. Ndiye aliyenichukua mama alipofariki, nikiwa na miaka tisa, akanilea pamoja na binti yake kana kwamba tumetoka tumbo moja. Nilipotimiza kumi na tisa akaniingiza karakana. Vigitaa vyake yeye havikuwa na mbu. Vilikuwa na sauti kali, safi, ya kusikika hadi mlango wa nyuma wa ukumbi, na wapigaji walivisubiri mwaka mzima bila kunung'unika.

Alinifundisha kila kitu. Alinionyesha jinsi ya kuchagua mbao kwa kuzigonga na kusikiliza, jinsi ya kupinda ubavu wa kigitaa juu ya bomba la moto bila kuupasua, jinsi ya kupigilia vile vyuma vidogo vya shingoni na kuvisawazisha kwa tupa. Mikono yangu ilipoungua aliipaka dawa mwenyewe. Jambo moja tu alilifanya peke yake, nalo ni kufunga nyuzi. Kazi ilipofika hapo alikuwa anafuta mikono kwenye aproni na kusema, "Mpwa, hebu katuletee chai." Nikirudi nakuta mlango umefungwa kwa ndani. Nasimama nje na vikombe viwili mpaka chai inapoa, ndipo anafungua, na kigitaa kiko mezani, kimeshafungwa nyuzi, ncha zimekatwa, mabaki hayaonekani hata kwenye pipa. Nilidhani ni wazimu wake tu. Fundi gani hana wazimu?

Kigitaa changu cha kwanza kilipokamilika alinipa nyuzi zangu. Vilikuwa vifundo vinne vikubwa vya nailoni iliyoviringishwa, ya kutosha vigitaa vingi, kila kimoja kimefungwa kiuzi cha rangi: nyekundu ni uzi wa kwanza, nyeupe wa pili, bluu wa tatu, njano wa nne. Hakuniambia unene wake. Aliniambia kanuni. "Kigitaa ni kidogo, mbao zake nyepesi. Kinataka nyuzi nyembamba, na ukityuni usiivute sauti juu. Iache chini. Kibembeleze."

Halafu akanyoosha kidole ukutani. Pale kilitundikwa kigitaa kizuri sana, ila daraja lake, kile kijiti cha kifuani kinachoshikilia nyuzi, lilikuwa limeng'oka na kuacha kovu jeupe. "Yule alitiwa nyuzi nene," alisema. "Akavutwa juu. Mwone alivyo sasa."

Nilimwona, na kwa miaka kumi na moja sikuthubutu.

Najua mtu ataniuliza, mbona hukutafuta kwingine? Nilitafuta. Kwenye simu kila mtu ana lake. Nilipomwonyesha Mjomba niliyoyasoma, alivua miwani akasema, "Hao wanazungumzia vya kiwandani. Sisi mbao zetu ni laini." Likaisha. Mtu aliyekupaka dawa mikononi humwombi ushahidi.

Basi nikahangaika na mbu. Nikiinua daraja, mbu anapungua, lakini sasa kila unapobonyeza uzi sauti inapanda kuliko inavyotakiwa, na wimbo mzima unakwenda upogo. Nikilishusha, mbu anarudi. Nikapiga tupa vile vyuma vya shingoni mpaka vikaisha, nikavitoa, nikaweka vipya. Nikampelekea Mjomba kigitaa. Akakigeuza, akakigonga mgongoni, akanitazama kwa huruma. "Kazi nzuri, mpwa. Ni mkono tu. Mkono bado."

Mkono bado. Mwaka wa kwanza nilielewa. Mwaka wa tano nilikuwa naenda bafuni kuitazama mikono yangu kwenye mwanga, nikitafuta kilema. Mwaka wa kumi niliacha kutafuta, nikakubali kwamba kuna watu wamezaliwa na mkono na wengine hawakuzaliwa nao.

Mjomba alipoanza kutetemeka vidole aliniachia karakana, pamoja na kile kigitaa kilichong'oka daraja. "Kikukumbushe," alisema. Yeye akahamia kwa binti yake, ghorofa ya tatu, ng'ambo ya barabara. Mwaka huu seremala mmoja wa viti akaniambia kwake kuna nafasi, gundi na msasa tu, nimpe jibu Jumamosi. Nilikuwa nimeshaamua kufunga. Nilipomweleza Mjomba alifikiri kidogo, akasema, "Viti navyo ni kazi. Na kiti hakipigi kelele." Tukacheka wote wawili. Nikikumbuka kile kicheko sasa, nasikia moto kifuani.

Jumatano asubuhi binamu yangu, yule binti wa Mjomba, aliingia karakana anahema, ameficha kitu ndani ya shuka. Alilifunua mezani, na ndani yake kilikuwemo kigitaa cha Mjomba mwenyewe, kile alichokuwa nacho tangu ujana wake, ambacho hata kufutwa vumbi alikuwa hataki mtu mwingine akiguse.

"Uzi mmoja umekatika," alisema. "Wiki ya pili sasa anakipakata tu. Kufunga hawezi, vidole havikubali, na kukuita hataki. Nikimwambia, ananiambia tukiache hivyohivyo. Sasa Ijumaa anatimiza miaka sabini, Dada. Nataka siku hiyo akipate kina nyuzi mpya zote nne."

"Umekiiba?"

"Nimekiazima. Nimemwambia nakipeleka kufutwa vumbi kwa jirani wa chini, amenuna lakini amekubali. Wewe si ndiye unayezijua nyuzi zake? Nani mwingine anazijua?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akaondoka mbio kazini kwake.

Uzi uliokatika ulikuwa wa tatu. Nilipoweka kidole kwenye ule wa kwanza niliona ajabu. Ulikuwa mgumu, umekazika, unakurudishia kidole. Zangu siku zote zinalegea chini ya kidole, unazisukuma huku na huku. Nikadhani labda ni uzee, nailoni imekauka. Nikaupiga. Sauti ikasimama chumbani, safi, hakuna kizizi nyuma yake. Nikabonyeza chuma cha tano, cha saba, cha kumi na mbili. Kila mahali sauti ilikuwa pale inapotakiwa kuwa.

Nina maikromita niliyopewa na fundi wa mashine za chuma, ya kupimia unene wa vitu vidogo. Nikazilegeza zile nyuzi tatu moja moja na kuzipima, na kile kipande cha uzi uliokatika nikakipima pia. Kisha nikatoa vifundo vyangu kwenye droo, nyekundu, nyeupe, bluu na njano, nikavipima hivyo navyo ingawa nilikuwa navijua kwa kichwa. Wa kwanza wangu, milimita sifuri nukta nne tano. Wake, sifuri nukta tano nane. Wa tatu wangu, sita tano. Wake, nane sita. Nikarudia. Nikafuta maikromita kwa kitambaa, nikarudia tena. Kisha nikazikaza upya mpaka ile sauti niliyozikuta nayo, maana ilikuwa bado sikioni, na kuzilinganisha na uma wa kupimia sauti alionipa Mjomba mwenyewe. Zilikuwa sauti moja nzima juu ya kiwango alichonifundisha.

Uzi ukiwa mfupi unahitaji unene au unahitaji kuvutwa, ama sivyo unabaki umelegea na kugonga vyuma vya shingo. Ni jambo dogo hivyo. Mjomba alikuwa ameninyima vyote viwili, halafu akawa ananitazama kwa huruma.

Hata hapo sikutaka kuamini. Nikasema pengine mbao za kigitaa chake ni za namna yake. Nikafunga karakana nikaenda duka la vifaa vya uvuvi, kwa sababu mishipi yao imeandikwa unene kwenye kasha. Nikasimama na maikromita yangu kama karani wa forodha, nikipima. Muuzaji akaniuliza navua samaki gani.

"Mbu," nikamjibu.

Nilirudi nikateremsha kigitaa changu cha kwanza kabisa, kile nilichokitengeneza nikiwa na miaka kumi na tisa, nikakifunga mishipi ile na kuivuta juu hadi kiwango cha kigitaa cha Mjomba. Daraja halikung'oka. Nikapiga uzi wa kwanza, nikangoja kizizi. Hakikuja. Nikapiga zote nne. Ilikuwa sauti ya Mjomba, ila yangu ilikuwa na utamu kidogo chini yake, kitu ambacho chake hakina. Nilikuwa nimekitengeneza vizuri tangu siku ile ya kwanza.

Nikalia. Si kilio cha adabu, nililia na mdomo wazi, nimeshika meza. Nililia kwa ajili ya yule msichana aliyekuwa anaikagua mikono yake bafuni. Kisha hasira ikapanda na machozi yakakata yenyewe.

Macho yangu yakaenda ukutani kwa kile kigitaa cha kunikumbusha. Miaka yote sikuwahi kukiangalia kwa karibu, maana nani anapenda kuikodolea macho maiti? Nikakishusha nikakipeleka dirishani. Daraja likivutwa na nyuzi mpaka likang'oka, huondoka na nyama ya mbao, linaacha vinyweleo vimesimama. Hapa mbao ilikuwa laini kabisa, na pembeni palikuwa na alama tatu nyembamba za kisu. Mtu alikuwa ameingiza kisu chini ya daraja, taratibu, pengine akiwa ameipasha gundi moto kwanza kama alivyonifundisha kufanya. Nikachungulia ndani kwa tochi ya simu. Kila fundi huandika mwaka kwenye kikaratasi ndani ya tumbo la kigitaa. Ulikuwa mwaka ule nilioingia karakana.

Kunyima siri ningeweza kuielewa. Mafundi wananyimana. Lakini huyu alikaa chini akatengeneza kigitaa kizuri, akakivunja kwa mikono yake, akakitundika pale, ili msichana aliyemlea aogope. Aliniandalia uongo kabla sijajua hata kushika randa.

Alhamisi nzima kigitaa chake kilikaa mezani mbele yangu. Upande wa kulia niliweka mishipi mipya, ile minene. Upande wa kushoto nikaweka vifundo vyenye viuzi vya rangi. Jioni nikachukua vya kushoto. Nikafunga nyekundu, nyeupe, bluu, njano, nikatyuni chini, taratibu, nikabembeleza.

Ijumaa mchana nilipanda ghorofa ya tatu na mfuko. Mjomba alikuwa sebuleni kwenye kiti chake cha karibu na dirisha, amevaa shati lililopigwa pasi, mikono imelala mapajani ikitetemeka kidogo.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja kumcheka mzee?"

Binamu alikitoa kigitaa kwenye mfuko kwa furaha, akamwekea kifuani. "Zawadi yako, Baba. Nyuzi mpya zote. Dada ndiye amefunga."

Mjomba alikishika kwa mikono yote miwili. Alitazama nyuzi kabla ya kuzigusa, na mimi nilijua kwamba ameshajua. Binamu akamhimiza. Mjomba akapiga wa kwanza. Zzz. Akapiga wa tatu, ukagonga shingo yote.

Binamu akacheka. "Baba, leo na wewe umeingiwa na mbu."

"Umefunga zipi?" Mjomba aliniuliza. Hakuinua macho.

"Zile ulizonifundisha. Nyekundu, nyeupe, bluu, njano. Nimekibembeleza."

"Basi si ndizo zenyewe?" binamu alisema. Alituangalia mmoja mmoja, akadhani ni mambo ya ufundi. "Haya, zungumzeni lugha yenu. Mimi nakwenda kukata keki."

Tulipobaki wawili nilitoa bahasha mfukoni nikaiweka juu ya meza ndogo, karibu na mkono wake. Ndani mlikuwa na mishipi minne, na kikaratasi nilichoandika unene wa kila mmoja kwa tarakimu kubwa ili azione bila miwani.

"Nimezipima," nilisema. "Na kile cha ukutani nimekitazama. Nimeona kisu kilipopita."

Aligeuza uso dirishani. Barabarani mtu alikuwa anapiga honi, akaacha.

"Mwezi wa kwanza tu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nagonga mbao, nakuuliza ipi nzuri. Ukawa unanijibu kabla mimi sijasikia. Nilikuwa na miaka thelathini katika kazi, na mtoto ananisikilizia mbao."

"Si ungefurahi? Si ulinilea wewe?"

"Nilifurahi. Halafu usiku sikulala. Nikajiuliza, huyu nikimpa na nyuzi, mimi nabaki na nini?"

"Ulibaki na mimi," nilisema. "Nilikuwa nakuja na chai."

Akafumba macho. Sikumhurumia, na nilitaka kumhurumia, na hilo nalo liliniuma.

"Nilikuwa naitazama mikono yangu, Mjomba. Miaka kumi na moja. Kesho nilikuwa naenda kukubali kazi ya kuunga viti."

"Najua."

"Ulicheka."

"Najua, mpwa."

Nikainama karibu naye. Jikoni sahani zilikuwa zinalia. "Sitaki ukatangaze barabarani. Nataka mtu mmoja tu. Binamu akirudi, mwambie nyuzi hizi si zako, na kwamba hukunipa zako. Maneno hayo tu. Nitafungua bahasha nikufungie hapahapa, kabla keki haijaisha, na utapiga kigitaa chako."

"Huyu ndiye amebaki ananiona fundi," alisema.

"Atakuona fundi. Atakuona umenidhulumu pia. Mimi ninakuona hivyo na bado nimekuja."

Binamu aliingia na sahani tatu. Aliziweka, akafuta vidole, akamtazama baba yake aliyekuwa ameukumbatia ule mwili mdogo wa mbao. "Mmegundua tatizo ni nini?"

Nilimtazama Mjomba. Alinitazama, macho yamejaa maji, midomo ikafunguka. Nilishika ukingo wa kiti. Nilikuwa nimeshaanza kumsamehe, nasema kweli, msamaha ulikuwa umeshafika kooni.

"Ni mkono tu, mwanangu," alimwambia binti yake. "Mkono wangu umechoka."

"Pole, Baba," binamu akasema, akambusu kichwani. Kisha akaiona bahasha. "Na hii?"

"Kadi," alisema Mjomba, akaivuta kwa vidole vinavyotetemeka na kuisukuma chini ya mto wa kiti. "Kadi ya mpwa wangu."

Nilikula keki yangu yote, kwa sababu binamu alikuwa ameihangaikia na hana kosa. Nikaaga. Mjomba aliinamia kigitaa chake. Nilipofunga mlango nilimsikia anaanza kupiga, wimbo ule aliokuwa ananipigia nilipokuwa siwezi kulala, mwaka ule wa msiba wa mama. Nilishuka ngazi zote tatu nikiusikia, na mbu kwenye kila uzi. Nikavuka barabara, nikafungua karakana, nikampigia simu seremala wa viti nikamwambia siji.